Barua kwa Mhariri: Umbo la protini lililotabiriwa lisichapishwe bila rangi zake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala ya sayansi iliyosema kwamba fumbo la protini limeteguliwa, na kwamba kompyuta sasa inajua umbo la kila protini duniani. Juu ya makala hiyo kulikuwa na picha kubwa ya protini iliyopakwa rangi za kupendeza, bila neno lolote la maelezo chini yake. Mimi ni fundi katika maabara ya biokemia. Kazi yangu ni kusafisha protini, kukuza fuwele zake na kuzipeleka kupigwa eksirei ili umbo lipimwe. Programu zilizosifiwa katika makala ile nazitumia karibu kila siku ya kazi, na nazipenda kwa moyo wote. Ndiyo sababu nimeumia. Makala ilimpa msomaji jibu, ikamficha kitu ambacho programu yenyewe humpa kila anayeitumia: kiasi cha uhakika wa jibu hilo, kipande kwa kipande.

Nianze na tatizo lenyewe, maana mwandishi wako alilipita mbio. Protini ni mnyororo wa asidi amino. Aina za kawaida za asidi hizo ni 20, na utaratibu wa kuzipanga umeandikwa katika jeni. Mnyororo ukishaundwa ndani ya seli hujikunja, na umbo unaloishia nalo ndilo linaloamua kazi yake: kubeba oksijeni, kumeng'enya chakula, kumnasa kirusi. Christian Anfinsen alichukua kimeng'enya kiitwacho ribonukleasi, akakikunjua kwa kemikali mpaka kikaacha kufanya kazi, kisha akaziondoa kemikali. Kikajikunja tena chenyewe na kazi ikarudi. Maana yake ni kwamba maelekezo ya umbo yamo ndani ya mfuatano wa asidi amino. Anfinsen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1972. Kama maelekezo yamo mle, basi yanasomeka. Lakini Cyrus Levinthal alikuwa ameshaonyesha mwaka 1969 ugumu ulipo. Ukitaka kujaribu mikunjo yote ya mnyororo wa kawaida, mmoja baada ya mwingine, umri wote wa ulimwengu hautoshi. Protini nyingi ndogo humaliza kujikunja kabla hata sekunde chache hazijapita.

Kwa hiyo ilibidi kupima. Dorothy Hodgkin alipiga picha yake ya kwanza ya eksirei ya fuwele ya insulini mwaka 1935, na umbo likapatikana mwaka 1969. Insulini ina asidi amino 51 tu. Max Perutz aliianza himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, mwaka 1937 na ikamchukua zaidi ya miaka 20. Hifadhi ya umma ya maumbo yaliyopimwa, PDB, ilipofunguliwa mwaka 1971 ilikuwa na maumbo 7. Leo ina zaidi ya 200,000.

Naijua jasho iliyo nyuma ya kila moja. Bakteria hupandikizwa jeni watutengenezee protini tunayoitaka, kisha huvunjwa, na mchuzi wao hupitishwa katika safu za kuchujia mara kadhaa mpaka protini yetu ibaki peke yake. Matone yake madogo, ambayo jicho hulazimika kuyatafuta, huchanganywa na mamia ya miyeyuko, kila mmoja na chumvi yake na kiwango chake cha asidi. Halafu tunasubiri. Mara nyingi tunachokipata ni mashapo ya kahawia. Fuwele ikijitokeza inaweza kuwa nyembamba mno, au ikapigwa eksirei isirudishe alama yoyote ya maana, au ikawa fuwele ya chumvi, jambo linalomvunja moyo hata mtu mzima. Nimewaona wanafunzi waliotumia masomo yao yote ya uzamivu juu ya protini moja. Darubini za elektroni zinazotazama sampuli zilizogandishwa, ambazo mwaka 2017 ziliwapa Nobel Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson, zimetusaidia sana kwa protini kubwa zinazokataa kuwa fuwele, ila nazo ni mashine za gharama na zina foleni.

Jambo ambalo makala haikuligusa kabisa, na kwangu ndilo tamu kuliko yote katika historia hii, ni namna tulivyojua kwamba programu hizi zinasema kweli. Zamani walikuwapo waliodai wameweza kutabiri maumbo, lakini protini walizozitabiri zilikuwa zimeshapimwa na jibu linajulikana. Mwaka 1994 John Moult na wenzake wakaanzisha mtihani uitwao CASP, unaofanyika kila baada ya miaka miwili. Maabara zinazopima maumbo huwapa waandaaji mifuatano ya protini ambazo umbo lake limepimwa, au liko karibu kupimwa, lakini halijachapishwa popote. Watabiri hupewa mifuatano tu. Wakishatuma majibu, umbo lililopimwa hufunuliwa, na wasahihishaji hutoa alama kati ya 0 na 100 bila kuona jina la mtu juu ya karatasi. Hapo maneno matupu hayana kazi.

Kwa zaidi ya miaka 20 alama za protini ngumu zilikuwa zikijikokota. Mwaka 2018 programu ya AlphaFold, ya kampuni ya DeepMind ya London, ikashika nafasi ya kwanza, lakini katika protini ngumu alama yake ya wastani bado haikufika 60. Mwaka 2020 timu ile ile ikaja na programu iliyoundwa upya tangu msingi, AlphaFold 2. Alama ya kati kwa protini zote ikawa 92.4, na kwa zile ngumu kabisa 87. Alama ya 90 hivi huhesabiwa kuwa inakaribiana na kipimo cha maabara. Matokeo yalipotangazwa, kazi maabarani kwetu ilisimama. Kila mmoja alikuwa na protini yake iliyomshinda, na kila mmoja alitaka ipitishwe humo kwanza. Julai 2021 programu hiyo ilichapishwa wazi, na katika siku hizo hizo kundi la David Baker wa Chuo Kikuu cha Washington likatoa yake, RoseTTAFold. Oktoba 2024 Baker, pamoja na Demis Hassabis na John Jumper wa DeepMind, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Walistahili, na sina la kupunguza hapo.

Sasa nije kwenye picha yenu.

AlphaFold haitoi umbo tupu. Kwa kila asidi amino katika mnyororo hutoa pia namba kati ya 0 na 100 inayosema ina uhakika kiasi gani na mahali ilipoiweka. Namba hizo huonyeshwa kwa rangi. Zaidi ya 90 ni buluu iliyokoza. Kati ya 70 na 90 ni buluu nyepesi. Kati ya 50 na 70 ni njano. Chini ya 50 ni chungwa, na maana yake ni kwamba usiutegemee mkunjo unaouona hapo. Mara nyingi sehemu hizo za chungwa hazina umbo moja hata ndani ya seli hai: zinacheza na kubadilika, na nyingine hutulia zinapokutana na protini nyingine tu. Programu inalazimika kuchora kitu, basi huchora uzi mrefu unaozunguka-zunguka angani. Picha mliyoichapisha ina uzi wa namna hiyo, mrefu kuliko protini yenyewe. Msanifu wenu aliupaka kijani na zambarau ukapendeza. Msomaji hana njia ya kujua kwamba nusu ya alichokiona ni mahali ambapo kompyuta ilisema "sijui".

Hili si jambo la pembeni. Watafiti walipochapisha maumbo yaliyotabiriwa ya protini za binadamu mwaka 2021, waliripoti kwamba wamezifikia asilimia 98.5 ya protini zetu. Namba hiyo ilienea kila mahali. Katika makala hiyo hiyo ya kitaalamu waliandika kwamba asidi amino zilizowekwa mahali pake kwa uhakika wa kuridhisha ni asilimia 58, na zenye uhakika mkubwa sana ni asilimia 36. Hawakuficha kitu. Aliyechukua namba ya kwanza akaziacha mbili zilizofuata ni sisi tunaosoma na kusimulia. Vivyo hivyo na ile milioni 200. Hifadhi ya pamoja ya DeepMind na taasisi ya Ulaya ya EMBL-EBI iliyoko Uingereza ilifikisha mwaka 2022 maumbo zaidi ya milioni 200 yaliyotabiriwa. Gazeti lako liliandika "yamegunduliwa". Yaliyopimwa ni yale laki mbili na ushei ya PDB, na tofauti hiyo ni mara elfu moja.

Kuna kipimo kingine cha pili ambacho watu wa kazi hii hukitazama kwa makini zaidi. Protini nyingi zina vipande viwili au vitatu vilivyounganishwa kwa shingo laini. Kila kipande peke yake kinaweza kuwa buluu iliyokoza, na bado programu isijue kimoja kimeelekea wapi kikilinganishwa na kingine. Hayo huonyeshwa katika mraba wa rangi unaoambatana na kila umbo. Mtu akitazama picha ya umbo tu bila ule mraba atadhani vipande vimekumbatiana vile anavyoviona, na anaweza kujenga hoja nzima ya kisayansi juu ya mkumbatio ambao haupo. Nimeona mabango ya mikutano yaliyojengwa hivyo.

Inasaidia kujua programu inapata wapi jibu lake. Wengi hudhani kompyuta inaiga mnyororo ukijikunja, atomu kwa atomu. Ziko programu za kufanya hivyo: mradi wa Folding@home tangu mwaka 2000 umeazima kompyuta za watu wa kawaida kwa kazi hiyo. AlphaFold 2 ina njia nyingine. Hukusanya protini ndugu kutoka kwa viumbe wengi, binadamu, panya, samaki, kuvu, na kuzipanga mistari kwa mistari. Asidi amino mbili zinazogusana ndani ya umbo huwa zinabadilika pamoja katika mageuzi, kama watu wawili waliobeba ubao mmoja: mmoja akisogea mwenzake hana budi kusogea. Jozi zinazosogea pamoja hudokeza nani yuko karibu na nani. Juu ya hapo programu imejifunza kutoka kwa maumbo kama 170,000 yaliyopimwa, yaani jasho lile la matone na fuwele, lililokusanywa kwa miaka 50 na kuwekwa wazi bila malipo.

Kutokana na hayo unaweza kukisia mwenyewe itakwama wapi. Protini isiyo na ndugu wanaojulikana huipa programu dalili chache. Kingamwili ni kazi ngumu, kwa sababu sehemu zake zinazoshika adui hubuniwa upya ndani ya mwili wa kila mmoja wetu na hazina historia ndefu ya mageuzi ya kusomwa. Kuhusu RNA, molekuli inayobeba ujumbe wa jeni na ambayo nayo hujikunja, katika CASP ya mwaka 2022 vikundi vilivyofanya vizuri zaidi havikuwa vile vya akili mnemba. Vilikuwa vya wataalamu waliochanganya mbinu za zamani na macho yao. Kampuni ya Meta ilijaribu njia nyingine mwaka 2022 kwa programu ya ESMFold, iliyojifunza mifuatano ya protini jinsi programu za lugha zinavyojifunza sentensi, bila kupanga ndugu. Ni ya haraka sana, na ilitabiri maumbo zaidi ya milioni 600 ya protini za vijidudu vya udongoni, baharini na kwingineko, lakini kwa wastani usahihi wake uko chini ya AlphaFold 2.

Mfano ambao ningependa wasomaji wako waujue ni wa selimundu, kwa kuwa makala ilidokeza kwamba magonjwa ya kurithi sasa yatasomwa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta. Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne: miwili ya alfa yenye asidi amino 141 kila mmoja, na miwili ya beta yenye 146. Katika selimundu, asidi amino moja tu ya mnyororo wa beta imebadilika, ile ya sita: mahali pa glutamati pamekaa valini. Vernon Ingram alilionyesha hilo katika miaka ya 1950. Ukiipa programu mnyororo wa kawaida kisha ukaipa ule wenye valini, utapata maumbo mawili yanayofanana, yote buluu. Na programu haijakosea! Mnyororo wenye valini hujikunja karibu sawasawa na wa kawaida. Maradhi yanatokea baadaye, himoglobini inapoachia oksijeni: mwili wake hubadili mkao, mfuko mdogo hufunguka upande mmoja, na valini ya molekuli moja huingia katika mfuko wa jirani yake, na jirani kwa jirani, mpaka nyuzi ndefu zinajengeka ndani ya chembe nyekundu ya damu na kuipinda. Ugonjwa umo katika mwendo na katika kukutana. Picha moja ya mnyororo mmoja, hata iwe sahihi kwa kila atomu, haiwezi kukuonyesha hayo.

Waliotengeneza AlphaFold 2 walisema wenyewe kwamba haijathibitishwa kwa kazi ya kutabiri athari za badiliko moja. Kwa swali hilo DeepMind walitoa chombo kingine mwaka 2023, AlphaMissense, kilichopanga asilimia 89 ya mabadiliko milioni 71 yanayowezekana katika protini za binadamu kuwa huenda ni ya madhara au huenda si ya madhara. Ni msaada kwa daktari anayetafuta pa kuanzia. Hakielezi nyuzi wala mfuko.

Na mwendo ni nusu ya uhai wa protini. Himoglobini ina mkao mmoja ikiwa na oksijeni na mwingine ikiwa haina. Perutz alitumia miaka mingi juu ya tofauti hiyo. KaiB, protini ya saa ya ndani ya bakteria wanaotumia mwanga wa jua, hubadili mkunjo wake kabisa kutoka umbo moja hadi jingine, na ni kwa kubadilika huko saa inakwenda. Programu ikiendeshwa kwa kawaida hukupa mkao mmoja. Watafiti wamebuni hila za kuilazimisha itoe mwingine, kwa mfano kwa kuipa ndugu wachache waliochaguliwa badala ya wote, na hizo ni kazi za kuvutia mno, lakini hatujafika mahali pa kuuliza "nionyeshe mikao yote na muda kila mmoja unaodumu" na kupata jibu la kuaminika.

Nisije nikaonekana mpinzani, nieleze programu hizi zimenifanyia nini. Tulikuwa na kimeng'enya cha bakteria ambacho hakikutoa fuwele hata kwa dawa. Tulipokiona katika AlphaFold, mwishoni mwake palikuwa na mkia mrefu wa chungwa. Tukaukata mkia huo kwenye jeni, tukatengeneza protini upya, na fuwele zikaja, safi, zenye kingo kali. Kisha ule utabiri ukatusaidia mara ya pili. Alama za eksirei humpa mtu nusu ya habari anayohitaji. Nusu ya pili ilikuwa ikipatikana kwa kuazima umbo la protini ndugu iliyokwisha kupimwa, au kwa kulowesha fuwele katika metali nzito na kuomba zisipasuke. Sasa tuliweka umbo lililotabiriwa mahali pa ndugu, na ramani ya elektroni ikafunguka mchana huo huo. Kazi ambayo zamani ingekula mwaka! Na katika ramani hiyo hiyo tuliona kitanzi kimoja kwenye mdomo wa kimeng'enya, mahali hasa ambapo dawa ingeingia, kimekaa tofauti na utabiri. Katika utabiri kilikuwa buluu nyepesi. Mwili mzima sawa, mdomo si sawa. Anayetafuta dawa huuhitaji mdomo.

Hapo ndipo uwanja wenyewe ulipo leo. Mei 2024 AlphaFold 3 ilitangazwa katika jarida la Nature. Inatabiri protini zikiwa pamoja na DNA, RNA, na molekuli ndogo kama dawa. Waandishi wake walieleza kasoro zake waziwazi: katika sehemu zisizo na umbo, inaweza kubuni mikunjo ambayo haipo, na kwa kingamwili walilazimika kuiendesha mara nyingi mno ili kupata jibu zuri. Watafiti wengine baadaye walijaribu programu za aina hiyo kwa kuharibu makusudi mfuko ambamo molekuli hukaa, wakibadilisha asidi amino zake zote zinazoishika. Mara nyingi programu ziliendelea kuiweka molekuli pale pale, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Ishara hiyo inatuambia kwamba sehemu ya kinachoonekana kuwa ufahamu wa kemikali ni kumbukumbu ya mifano iliyosomwa.

Na lipo suala ambalo naliona ni la haki. AlphaFold 3 ilipochapishwa, msimbo wake haukutolewa. Mtu aliweza kuitumia kupitia tovuti tu, kwa mipaka. Wanasayansi wengi waliandika barua ya wazi kulalamika, na walikuwa sahihi: matokeo yasiyoweza kurudiwa na wengine hayajakamilika kuwa sayansi, hasa yanapokuwa yamejengwa juu ya data ya umma iliyolipiwa na umma. Msimbo ulitolewa Novemba 2024, kwa matumizi yasiyo ya kibiashara. Wakati huo wengine walikuwa wameshaanza kujenga zao zinazokaribiana nayo, kama Chai-1 na Boltz-1, hii ya pili ikitoka chuo cha MIT cha Marekani kwa leseni inayomruhusu yeyote kuitumia. Ningefurahi kuona ukurasa wako wa sayansi ukifuatilia habari hiyo, ya nani anaruhusiwa kuendesha nini, kwa bidii ile ile mliyoifuatilia tuzo.

Mwandishi wako alimaliza kwa kuwashauri vijana wanaopenda biolojia waachane na maabara kwa kuwa kazi ya kupima maumbo imekwisha. Nimesoma sentensi hiyo mara nyingi na kila mara imenikera. CASP yenyewe haiwezi kufanyika bila maumbo mapya yaliyopimwa na kufichwa mpaka siku ya kusahihisha; anayetoa maswali ya mtihani ni mtu wa matone na fuwele. Mkao wa pili wa protini, kitanzi cha mdomo, nyuzi za selimundu, kingamwili ikiwa imemshika adui wake, vyote vinasubiri kupimwa, na programu za kesho zitajifunza kutoka humo. Kijana aliyeandikiwa ushauri ule aambiwe, katika ukurasa ule ule, kwamba anaweza leo hii kufungua hifadhi ya maumbo yaliyotabiriwa bila kulipa chochote, akaandika jina la protini inayomsumbua, akatazama ni wapi palipo na njano na chungwa. Kila mahali pa rangi hizo ni swali ambalo bado halijajibiwa na mtu yeyote, na maabara kama yetu inahitaji mikono ya kulijibu.

Wako,
Fundi wa maabara ya biokemia